Mzee Nafasi na Daftari Lililoungua

Wengi wenu mlimfahamu marehemu kwa jina la Mzee Nafasi. Alilipata kwa muuza magodoro mmoja, aliyetaka bango lake lijazwe maneno hadi ukingoni.

"Fundi, hapa patupu pana kazi gani?"

"Panapumua, mzee. Wewe mwenyewe ukiongea bila kupumua, nani atanunua godoro?"

Mteja alicheka, na jina likamganda marehemu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kitindamimba wa fundi reli. Mama yetu alipofariki, nilimlea mimi, dada yake mkubwa, nikiwa mwalimu mpya.

Mwaka 1969, akiwa darasa la sita, alibandua nembo za viberiti, sabuni na majani ya chai, akazibandika kwenye daftari la hesabu. Mimi niliona uchafu. Nililitia motoni mbele yake. Hakulia. Alisema tu, "Dada, gundi ilikuwa haijakauka." Sikumwomba radhi.

Alihitimu uchapaji katika chuo cha ufundi mwaka 1978, akatumikia kiwanda cha kuchapa vitabu kwa miaka kumi na tisa, kisha akafungua chumba chake cha usanifu wa michoro juu ya duka la viatu. Vijana walipomuuliza mawazo huyatoa wapi, aliwafungulia madaftari ya nembo, aliyoyaanza upya ukubwani. Yalifika arobaini na moja. Mimi niliyapita nikitazama sakafu.

Tarehe 12 Juni 1982 alimwoa mshona vitabu wa kiwandani, aliyemwonya siku ya kwanza walipokutana kazini: "Kaka, ukiniachia pambizo finyu hivi, nitayashona maneno yako!"

Aliugua figo tangu Agosti 2021, akafariki tarehe 8 Novemba 2022. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, nami. Mola ampe pumziko lenye nafasi.

Asubuhi iliyotangulia kifo chake, nilimwambia nililolichelewesha miaka hamsini na mitatu. "Mdogo wangu, lile daftari. Nisamehe."

Alisema, "Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na jogoo mwekundu wa kiberiti. Sijampata tena mpaka leo." Kisha akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo pakiti ya chai uliyokuja nayo, Dada. Na mkasi."

Alikata nembo, akaibandika kwenye daftari lake la mwisho, akalaza kiganja juu yake. Nilitaka kumfungia daftari.

"Ngoja, mwalimu."

Tukangoja. Gundi ilipokauka, alilifunga mwenyewe.