Spika, Aliyekataa Kuandikwa Mfanyabiashara

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, mimi ni mdogo wake niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza tarehe za nyumba yetu, nani alizaliwa lini, nani alioa lini. Kwa kawaida mimi husoma polepole na kwa sauti ndogo, lakini leo mtaniwia radhi, humu mna mambo ambayo siwezi kuyasoma nikiwa nimetulia.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Spika, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika chumba kilichopakana na mashine ya kusaga nafaka, ambayo baba yetu aliiendesha huku mama akishona nguo barazani. Mashine hiyo ilinguruma tangu asubuhi, hata kuomba chumvi ilibidi upaze sauti, mimi nikachoka mapema nikawa mtu wa kunyamaza, yeye akapata koo ambalo baadaye mji mzima ulikuja kulifahamu.

Alianza shule ya msingi Januari 1979, akamaliza mwaka 1985 akiwa wa pili darasani, akaingia sekondari Januari 1986, na Mei 1987, akiwa kidato cha pili, alifukuzwa kwa sababu ya ujauzito, aliyempa ujauzito huo akaendelea na masomo, na tarehe 2 Novemba mwaka huohuo akajifungua binti ambaye leo ni muuguzi na amekaa hapa mbele yetu. Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi wa injini za malori, mtu mpole aliyempenda binti yule kama damu yake, wakajaliwa mtoto wa kiume tarehe 21 Juni 1992, sasa ni fundi umeme, na shemeji yetu huyo alifariki tarehe 12 Februari 1998, jeki ilipoteleza akiwa chini ya lori. Marehemu ameacha watoto hao wawili na wajukuu wanne, na wajukuu wote, niseme ukweli, wamerithi koo.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa naomba tusikilizane. Katika kikao cha familia, baba mdogo alipendekeza niandike kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara, neno zuri, halimkwazi mtu, na wengi wakaafiki, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kunionya akiwa kitandani hospitalini, alipojua kwamba msomaji nitakuwa mimi. Alisema, "Usije ukaniandika mfanyabiashara, wewe, duka langu lilikuwa wapi? Taja kazi yangu, la sivyo nitainuka mbele za watu nikusahihishe." Kwa jinsi ninavyomjua, sitaki kumjaribu.

Dada yetu alifanya kazi ya ngono kuanzia Septemba 1998 hadi mwishoni mwa mwaka 2012, katika mtaa wa nyumba za wageni nyuma ya kituo cha mabasi, na kwa kazi hiyo alisomesha watoto wake, akamuuguza mama yetu mpaka alipotutoka tarehe 30 Aprili 2009, na jana jioni baba mdogo mwenyewe ameniruhusu niseme kwamba mabati ya nyumba yake yalitokana na kazi hiyohiyo. Waliosema kwamba anauza mwili aliwajibu kwamba mwili wake bado anao, tena umeongezeka.

Mji wetu ulikuwa na kifungu cha sheria ndogo kilichomkataza mtu kuzurura kwa nia ya kujiuza, na nia hiyo askari wa mji aliisoma usoni mwa mwanamke, na akikuta kondomu mkobani, hizo ndizo zilipelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Tarehe 22 Agosti 2006, mchana, dada alikamatwa mbele ya duka la dawa alipokuwa akimngoja binti yake aliyeingia kununua dawa ya homa ya mdogo wake, akafungwa mwezi mmoja, na alipotoka aliniambia maneno ambayo sikuyasahau, "Sikukamatwa nikifanya, nimekamatwa nikisimama." Wenzake kwa kuogopa ushahidi huo wakaacha kubeba kondomu, baadhi yao wakaugua, wawili tukawazika, ndipo akaanzisha kikundi chao, kilichokutana Jumatatu asubuhi katika saluni ya msusi mmoja, na lengo lao lilikuwa moja tu, kifungu kile kifutwe.

Kuanzia kampeni za mwaka 2010 alikodiwa kutangaza kwenye gari la vipaza sauti, vyama vyote vilimgombania, na hapo ndipo alipopata jina la Spika. Naye aliweka sharti, kwamba mgombea akitaka koo lake, kwanza amweleze ana msimamo gani juu ya kifungu, na wagombea walimwahidi garini kwa kunong'ona, wakishuka wanasahau. Ikafika tarehe 3 Oktoba 2020, gari limesimama sokoni, na mgombea udiwani, mwalimu mstaafu, akainama kumnong'oneza, "Mama, hiki kifungu mimi nitakifuta, kwani nani hajui kwamba hata hao askari ni wateja wenu, ila nisiseme hadharani, watu watanikimbia." Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno hayo yalitoka juu ya gari, yakapita kwenye nyanya, yakapita kwenye viatu, yakafika mpaka stendi, muuza vitunguu mmoja akaanza kupiga makofi, na soko zima likamfuata. Mwalimu alikwenda nyumbani akijua amekwisha, kumbe wiki chache baadaye alishinda, kisha madiwani wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti wa halmashauri. Dada alipoulizwa kama alikiacha kipaza sauti wazi makusudi, mpaka amekufa jibu lake lilikuwa kwamba swichi ilikuwa imechoka.

Mwenyekiti naye akaanza kusuasua, mara kamati, mara bajeti, lakini kila alipopita sokoni akina mama walimrudishia maneno yake neno kwa neno, mpaka tarehe 16 Machi 2023 baraza likaita wananchi watoe maoni. Dada alifika na kikundi chake, wanaimba "Spika amefika", na mlinzi wa getini, aliyekuwa mgeni kazini, akadhani ni Spika wa bunge, akafungua geti la magari ya wakubwa na kupiga saluti. Ndani hapakuwa na mzaha, waliompinga walisema kwa uchungu, wengine ni watu wa heshima walioko hapa leo, naye aliwasikiliza wote kisha akasimama, "Siwaombi mnipende. Nataka siku nikipigwa niende kituo cha polisi kushtaki, nisiwe mimi ninayelala huko."

Mwaka huo huo, mwezi Septemba, aligundulika ana ugonjwa wa figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tarehe 24 Mei 2024, baraza lilipopiga kura, alikuwa kwenye mashine, binti yake ameshika simu iliyokuwa ikirusha kikao, wodi nzima ikisikiliza, na kifungu kikafutwa kwa tofauti ya kura tatu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheza na dripu yake mkononi, muuguzi mkuu akaja kugomba akaishia kucheka, na dada akasema, "Haya, sasa naweza kuugua kwa nafasi."

Tarehe 1 Julai, siku ambayo mabadiliko yalianza kutumika, alitaka apelekwe mtaa wa nyumba za wageni, tukampeleka kwa kiti cha magurudumu, akaomba tumwinue, na mimi na wanawe tukamshika, akasimama kwenye kona, mchana kweupe, amevaa gauni lake jekundu. Askari wawili wakaja upande wetu, yeye hakutikisika, na yule kijana kati yao akasema, "Shikamoo, mama," dada akamjibu, "Marahaba, mwanangu, pita." Wakapita. Alifariki tarehe 11 Julai 2024, saa nne asubuhi, na alifariki akiwa raia asiye na kosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, inawashukuru majirani waliotuletea maji, viti na maturubai bila kuombwa, na inawashukuru wafanyakazi wenzake. Kwenye misiba yetu mmezoea kukaa nyuma, mkiulizwa mnasema ninyi ni marafiki tu wa marehemu. Hii safu ya mbele, kushoto kwa familia, baba mdogo ameipanga kwa mikono yake leo asubuhi, ni viti vya wafanyakazi wenzake, na iko tupu. Nanyamaza kidogo hapa, njooni mkae, sote tunawangoja.

Asanteni. Pumzika kwa amani, dada, wenzako wamekwisha kukaa.