Mstari wa Thelathini na Moja

Asubuhi hiyo Seremala alifika kijiweni amebeba begani ubao wa kichwani wa kitanda chake mwenyewe. Aliuegemeza ukutani karibu na birika la kahawa, akaketi kwenye benchi bila kusalimu. Fundi Saa alikuwa na kioo chake jichoni na hakukitoa. Pembeni yake walikaa Bomba, aliyepata jina hilo kwa kuunga mabomba ya maji, na Hakimu, ambaye hakuwahi kuhukumu mtu. Alifagia mahakama miaka ishirini na miwili, na kesi zote alizisikilizia mlangoni. Ubao ulikuwa na mistari ya chaki ya kushonea. Kushoto sita, kulia thelathini na moja.

— Mke wangu ndiye kaichora, alisema Seremala. Kila pumzi yangu ikikatika usingizini, anapiga mstari. Kushoto ni juzi, sikunywa. Kulia ni jana, nilikunywa bia nne. Daktari naye anasema pombe inalegeza nyama za koo, njia inaziba, pumzi inasimama. Sasa mwenzangu kasema leo nichague: bia, au yeye ahamie kwa dada yake.

Alitaka wenzake waiondolee bia hatia. Hakuja kwa jingine.

— Ulikuwepo shemeji alipochora? aliuliza Hakimu.

— Nilikuwepo. Nimelala.

— Basi hukuwepo. Huu ni ushahidi wa upande mmoja.

— Upande mmoja vipi, na mistari iko kushoto na kulia? alisema Bomba.

Fundi Saa alikohoa.

— Neno lenyewe linajieleza. Pumzi. Kazi yake kupumzika. Imepumzika mara thelathini na moja, mnaishitaki kwa lipi?

— Lakini nashtuka kama mtu aliyeopolewa kisimani, mzee. Na mchana nasinzia. Jumanne nimeipigilia misumari suruali yangu kwenye meza ya mteja.

— Hapo kosa ni la suruali. Unavaa pana mno.

Bomba alisimama, akamzunguka Seremala kama anayetafuta panapovuja.

— Koo ni bomba, sawa? Bomba likilazwa, uchafu unatuama. Likisimamishwa, linapitisha. Bia uiache ya nini? Wewe lala wima.

— Wima wapi?

— Kabatini. Si wewe seremala?

Kwa mara ya kwanza siku ile Seremala alichangamka. Akatoa futi yake ya chuma, Bomba akampima kutoka kisigino hadi utosini. Fundi Saa akaahidi saa ya kengele itakayolia kila baada ya dakika mbili, pumzi ikisahau ikumbushwe. Hakimu akataka mlango uwe na kufuli.

— Mtu akiwa ndani ya kabati hawezi kuitwa mlevi, alisema. Anaitwa nguo.

— Na huu mstari wa mwisho? aliuliza Bomba. Wenzake wafupi, huu umeshuka mpaka chini.

— Hiyo sahihi yake, alisema Hakimu.

— Hiyo jumla, alisema Fundi Saa.

Muda wote huo alikuwa amesimama hapo mama mmoja mwenye aproni ya kiwanda cha mikate, anasubiri saa yake ya mkononi.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Huyo dada anayechora, yeye analala saa ngapi?

Fundi Saa alitoa kioo jichoni. Hakimu alichungulia kikombe chake. Bomba aliiachia futi, ikajikunja yenyewe kwa kishindo.

Seremala alisogea ubaoni. Mstari wa thelathini na moja ulianza juu kama wenzake, ukayumba, kisha ukateremka polepole hadi ukingoni, mahali mkono uliposinzia wenyewe. Asubuhi aliikuta chaki juu ya mto, akadhani imedondoka tu.

Aliunyanyua ubao kwa uangalifu, chaki isifutike.

— Kahawa hujamaliza, alisema Bomba. Na kabati je?

— Lala wewe kabatini. Na bia zangu za leo mtaninywea. Kuna mtu nyumbani ana usingizi wa miaka.

Hakimu alisubiri mpaka ubao ulipokata kona, ndipo akamgeukia yule mama.

— Na wewe, aliuliza, nani alikuita shahidi?