Lynne Bagnall: Miaka Arobaini na Moja Mbele ya Maikrofoni

Jumamosi hii, tarehe 15 Juni 2019, Lynne Bagnall anastaafu baada ya miaka arobaini na moja ya kutunga na kuimba roki. Hafukuzwi, wala hajachuja. Anaondoka kwa hiari yake, sauti ikiwa bado nzima, na tiketi za onyesho la mwisho hapa Burslem zilikwisha tangu Machi.

Alianza mwaka 1978, binti wa miaka ishirini na mmoja aliyechora maua kwenye visahani katika kiwanda cha vyombo vya kauri hapa mjini. Bendi yake ya kwanza aliiita Kasoro, kwa heshima ya vikombe vyenye dosari ambavyo kiwanda kiliwauzia wafanyakazi kwa bei ya chee. Mchana alichora, jioni aliimba. Tungo zake zilihusu watu tunaowajua: shangazi aliyechoka kungoja basi, bwana harusi aliyetorokea ufukweni Blackpool. Katika onyesho la kwanza mama yake, Bi Edna, alikaa mstari wa mbele akifuma sweta, pamba masikioni. Lilipokwisha akasema, "Maneno matamu, mwanangu. Ila huyo anayevunja masanduku nyuma yako anakusaidia nini?"

Mvunja masanduku ni mimi, Clive Tams, mpiga ngoma wake mpaka leo, ukiondoa miezi minane nitakayoieleza.

Kwa majina ya miji, Lynne si wa kuaminiwa. Aliwahi kuwasalimia watu wa Derby kama watu wa Nottingham, mahasimu wao wa mpira. Ukumbi mzima ukamzomea. Akawaambia, "Haya, zomeeni kwa mdundo basi, mnapoteza pumzi bure!" Wakazomea kwa mdundo, nami nikawafuatisha kwa ngoma. Tangu siku hiyo wanamwalika kila mwaka.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliruka kutoka hapo moja kwa moja hadi bendi yake ya pili. Nilimpelekea aione. Aliisoma huku akila chipsi, akanirudishia ikiwa na madoa ya siki.

"Clive, mwaka themanini na sita uko wapi? Umeliwa na panya?"

Nikamwambia hii ni siku ya furaha.

"Ndiyo maana nakuuliza. Andika, bwana wee. Nimengoja miaka thelathini na mitatu."

Basi naandika. Mwaka 1986 Lynne alipasuliwa kutolewa vinundu kooni, na madaktari wakamkataza kutamka neno lolote kwa miezi mitatu. Hakuna aliyejua kama angeimba tena. Bendi ilikuwa na ziara ya Ujerumani mbele yake. Tulikutana jikoni kwake, wanaume watatu, tukapiga kura ya kutafuta mwimbaji mwingine, yeye mwenyewe akiwa amekaa pale pale mezani, haruhusiwi hata kusema la. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Lynne akachukua karatasi, akaandika: "Nendeni salama. Nyimbo zangu zinabaki." Tulikwenda na nyimbo za kuazima. Baada ya wiki mbili tulirudi tumefyata mkia.

Yeye hakukaa bure. Katika kimya kile alitunga nyimbo kumi na moja, na sauti iliporudi ilikuwa nzito zaidi, tena nzuri zaidi. Akaunda bendi mpya, Tanuri, kisha, miezi minane baada ya kura ile, akanipigia simu. "Nataka mpiga ngoma, Clive. Mengine tutazungumza baadaye."

Tukatoa albamu tisa. Tulizungumza kuhusu magari yaliyotuharibikia njiani, misiba, talaka yangu, wajukuu wake. Hayo mengine, hapana. Mimi niliogopa, naye hakunilazimisha.

Kwa niaba ya bendi, mafundi, na kila mtu aliyewahi kujiona ndani ya wimbo wako, asante sana, Lynne. Tunakutakia mapumziko matamu, afya njema, na asubuhi nyingi za kuamka utakapo.

Lililobaki ni langu peke yangu. Siku ile jikoni ulinitazama, nami nikakuona, na bado nilinyoosha mkono. Nilikosea. Nisamehe. Leo hakuna daktari aliyekukataza kusema. Nijibu utakavyo, nitasikiliza mpaka mwisho.