Zedekiah Mbuthia: Aliyetumwa Kutafuta Ardhi Akarudi na Jiko

Tarehe 31 Desemba 2008, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Mipango ya Mabwawa, Bwana Zedekiah Mbuthia atafunga mlango wa ofisi yake hapa katikati ya jiji na kuteremka ngazi kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Atateremka kwa miguu, kwa kuwa lifti haitakuwa ikifanya kazi. Kitengo cha Ramani kimenipa mimi jukumu la kuandika wasifu wake, eti kwa sababu sisi watu wa Pwani hatuishiwi na maneno. Nimekubali, mradi mhariri asiniguse.

Mzee Mbuthia aliajiriwa mwaka 1977, kijana mwembamba wa kubeba fito za wapima ardhi. Alipanda polepole mpaka akawa afisa mkuu wa utwaaji wa ardhi, kazi ambayo wengi hawaielewi. Kabla trekta halijanguruma bondeni, lazima mtu aende kwa wenye mashamba, anywe chai yao, kisha awaambie kwamba pale wanapolima patakuwa maji. Maafisa wengine walikuwa wakirudi na matope mgongoni. Mbuthia alikuwa akirudi na ndizi, mayai, na safari moja kondoo hai. Mkuu alipomkumbusha kwamba zawadi haziruhusiwi, alimrudisha kondoo siku hiyohiyo, tena akiwa amemketisha kiti cha mbele.

Alijulikana kwa mambo matatu: mwamvuli mweusi wa kutosha familia nzima, kicheko kilichosikika ghorofa mbili juu, na hofu kubwa ya bata mzinga. La nne, alikuwa kapera. Kila sherehe ya Krismasi tulimuuliza ataoa lini, naye alijibu, “Bado niko kwa upimaji.”

Mwaka 2004 ukaja mpango wa Bwawa la Rwamuthi, linalopendekezwa kujengwa kwenye bonde nyuma ya Mutuini, pembezoni mwa jiji, ili mabomba ya mitaa ya magharibi hadi Mountain View yaache kukohoa hewa. Mbuthia ndiye aliyetumwa kuzungumza na wenye mashamba. Alikwenda na Lazarus, afisa chipukizi wa kitengo chake, na mengi ya haya tuliyapata kwa Lazarus, ambaye hajawahi kuweka siri.

Baraza la kwanza lilifanyika kwenye uwanja wa kanisa. Mbuthia alieleza vizuri maji yatafika wapi na fidia italipwaje. Ndipo akasimama Waceke, ambaye majirani humwita Mama Shiru, mjane wa makamo mwenye ng'ombe wa maziwa, vyumba vya kupangisha na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kipande cha chini cha shamba lake kilikuwa ndani ya mchoro wa maji.

“Wewe wa mwamvuli,” alisema. “Kwani umeshawahi kuhama?”

Mbuthia hajui kudanganya. “Hapana, Mama. Niko kwa chumba kimoja karibu na Kenyatta Market tangu nianze kazi.”

“Na bibi yako anasemaje?”

“Sina bibi.”

“Haya basi. Mtu hajawahi kuhama, hajawahi kuoa, na anataka kunipangia mahali pa kukaa!”

Baraza lote likaangua kicheko. Lazarus anaapa kwamba aliyecheka zaidi ya wote ni Mbuthia mwenyewe, na kwamba Mama Shiru alimtazama mara ya pili.

Wiki hiyo walikwenda kukagua shamba lake. Hakuna aliyekuwa amemwambia mzee wetu kwamba mama huyo alifuga bata mzinga. Walipomjia, alifungua mwamvuli kama ngao. Bata wakaona ni uchokozi. Mwenye shamba alipotoka jikoni alimkuta afisa wa serikali, tai begani, amepanda kwenye jukwaa la tangi la maji.

“Shuka, Mzee,” akamwambia. “Hawa hawakuli. Hata sisi tunangoja Krismasi ndio tuwale.”

Akashuka, akapewa chai. Kuanzia hapo, bikoni za shamba lile, yaani alama za mipaka, zilikaguliwa kuliko za uwanja wa ndege. Soksi za mzee zikaanza kufanana. Kinyozi wake wa Kenyatta Market akawa anamwona kila wiki, naye ni mtu ambaye nywele zilikwisha kumhama. Lakini Mama Shiru alikuwa bado amekataa kuuza hata hatua moja, na alikuwa akikataa huku akimwongeza chai.

Asubuhi moja Mbuthia aliingia kwa mkuu wetu, Mhandisi Wambua. Mlango haukufungwa vizuri, na dawati langu liko palepale.

“Bosi, ile ploti ya Mama Shiru imenishinda.”

“Amekataa tena?”

“Amekataa. Halafu mimi nimempenda.”

Mhandisi Wambua alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Lakini utaratibu ni utaratibu: afisa mwenye lake moyoni hawezi kushika faili. Mbuthia mwenyewe ndiye aliyeomba aondolewe. Siku hiyohiyo alimkabidhi Lazarus kila kitu, akateremka ghorofa moja kwenda Kitengo cha Vifaa, wanakotafuta mawe, mchanga na udongo wa kujengea mabwawa. Katika umri ambao wenzake walikuwa wakihesabu siku, alianza kujifunza upya. Alitembea na mabonge ya udongo mfukoni, na mikutanoni alikuwa akifinyanga vikombe vidogo bila kujijua. Mimi ninacho kimoja. Kinavuja.

Mambo yakaharibika alipokuja Jamleck, kaka yake Mama Shiru. Alisimama mapokezi akapaza sauti: “Huyo mzee wenu haposi dada yangu! Anaposa shamba!” Maneno hayo yalifika Mutuini kabla ya chakula cha mchana. Mbuthia alipokwenda Jumamosi kumweleza kwamba hashiki tena faili lake, alikuta lango limefungwa. Alimweleza akiwa nje, pamoja na habari za Kitengo cha Vifaa, na Mama Shiru akajibu kutoka ndani.

“Leo uko ofisi gani, Mzee? Ya kuchukua shamba ama ya kuchukua udongo? Enda kwanza. Mimi sijui nimwamini nani.”

Akaondoka. Kwa majuma kadhaa hatukusikia kicheko chake, na jengo likawa kama limehamwa.

Wakati huohuo mpango wenyewe ulikuwa hatarini. Tuta la bwawa la aina ile linahitaji udongo wa mfinyanzi katikati yake, ulioshikana kiasi cha kuzuia maji yasipenye. Udongo tuliokuwa tukiutegemea ulipasuka kwenye maabara. Bila udongo mwingine wa karibu, Rwamuthi ingerudi kabatini na mabomba yangeendelea kukohoa. Mbuthia na timu yake wakachimba mashimo ya majaribio bonde zima, wakapata ovyo juu ya ovyo, mpaka walipofika kando ya barabara juu ya kilima. Pale ulitoka udongo mwekundu, mzito, laini kama siagi. Wakaufuata mkondo wake. Ulikwenda moja kwa moja chini ya shamba la Mama Shiru, ukapita zizi la ng'ombe, ukaingia chini ya nyumba.

Hebu fikiria. Mwanzo serikali ilitaka kipande cha chini tu. Sasa ingetaka shamba zima, na aliyegundua ni yuleyule aliyeambiwa anaposa shamba. Fundi mmoja alimnong'oneza, “Mzee, andika hatukupata kitu. Nani atajua?” Mbuthia aliketi kwenye jiwe, akafungua daftari. Kisha akaandika alichokiona, akatia sahihi, akaomba ruhusa ya kwenda kumwambia Mama Shiru mwenyewe kabla barua haijamfikia. Mhandisi Wambua alikubali, mradi Lazarus awepo.

Safari hii lango lilifunguliwa nusu.

“Mama Shiru, sina habari nzuri,” Mbuthia alisema. “Udongo tunaotafuta uko chini ya nyumba yako. Mimi ndiye nimeupata, na mimi ndiye nimeandika.”

“Kwa hivyo Jamleck alisema ukweli.”

“Kama ningetaka shamba ningenyamaza, nikuoe kwanza, halafu niupate huo udongo tukiwa tunagawana fidia.”

Lazarus anasema aliona hesabu ikipita usoni mwa Mama Shiru na kutoka sawa. Halafu hasira ikarudi, lakini sasa ilikuwa ya serikali, si ya Mbuthia.

“Lakini nyinyi! Kwani mnataka udongo ama mnataka nyumba yangu?”

Mbuthia akainua mkono. “Rudia hapo.”

“Nimesema, mnataka udongo ama nyumba?”

Kitengo cha Ardhi alikotoka kimezoea kununua, Kitengo cha Vifaa kimezoea kuchimba, na yeye aliyekalia viti vyote viwili akaona kwamba udongo unaweza kuchimbwa bila shamba kununuliwa. Kile kicheko kikatoka, kikubwa hivi kwamba bata mzinga ndio waliokimbia. “Udongo!” alipiga kelele. “Mama, tunataka udongo tu!” Akateremka mbio kwenda kwa timu yake bondeni, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, wala hakurudi kukichukua. Mama Shiru ndiye aliyekichukua, akakiosha.

Waliupima upya mteremko wa nyuma ya zizi, mbali na nyumba, wakakuta udongo unatosha. Mpango ukabadilika: Idara ikodishe mteremko ule, itenge udongo wa juu wenye rutuba, ichimbe udongo wa mfinyanzi inaouhitaji, irudishe udongo wa juu na kupanda upya majani ya ng'ombe. Nyumba isiguswe, zizi lisiguswe. Leo tunapopanga bwawa lolote, huo ndio utaratibu wa kwanza tunaoujaribu, na familia nyingi zimebaki kwao kwa sababu yake. Wachache wanajua ulizaliwa langoni kwa Mama Shiru.

Siku ya makubaliano, Mama Shiru alikuja mjini na Jamleck. Lazarus ndiye aliyejadiliana naye. Mbuthia, kwa mujibu wa kanuni, alikaa nje koridoni akitafuna njugu. Lazarus alitoka ameloa jasho kama aliyelima, lakini na sahihi mbili: moja ya kukodisha mteremko, moja ya kuuza kile kipande cha chini. Nyuma yake akatoka Mama Shiru, akasimama mbele ya Mbuthia.

“Mambo ya serikali yameisha,” alisema. “Sasa ile kitu ulikuwa unataka kuniuliza?”

“Sijakuuliza kitu, Mama Shiru.”

“Najua. Uliza.”

Akauliza, mbele ya tarishi, mama wa chai na nusu ya Kitengo cha Ramani. Waceke akasema ndiyo. Vigelegele nilivipiga mimi, na sina haya, vilisikika mpaka barabarani. Jamleck aliyekuwa amekuja kupigana alijikuta amekumbatiwa na Mhandisi Wambua.

Walioana mwaka 2006. Mbuthia hatimaye alihama chumba chake, na lori la kuhamisha mizigo liliendeshwa na Jamleck, aliyelia kanisani kuliko bibi harusi. Bwawa la Rwamuthi lenyewe bado linasubiri idhini ya mwisho, lakini ardhi yake imepatikana bila mtu kuburutwa, udongo wake unajulikana ulipo, na mawe na mchanga wake vimekwisha pimwa. Watakaolijenga watakuta kazi imetandikwa kama kitanda.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na chai ya kumuaga. Mhandisi Wambua alimwomba Waceke aseme neno, tukaweka vikombe chini sote, maana tunamjua.

“Nyinyi mlitaka shamba langu lote mkapata kipande,” alisema. “Mimi nilitaka mtu mmoja, na leo nimekuja kumchukua mzima.”

Akamshika mkono, wakateremka ngazi wakicheka, na kile kicheko tulikisikia ghorofa baada ya ghorofa mpaka kikaingia mtaani.

Mzee Mbuthia, asante kwa kila lango ulilobisha kwa adabu na kila ukweli uliouandika hata ulipokugharimu usingizi. Asante kwa kutufundisha kwamba mwenye shamba ni mtu kabla ya kuwa nambari ya ploti. Idara nzima inakuombea afya, miaka mingi ya raha kule Mutuini, na chai isiyokatika. Ishi vyema, mzee wetu.

Mwanasha Amin
Kitengo cha Ramani