Mafuta ya Ukutani

Tangu tauni iingie Milano, kijiwe chetu cha nje ya kilabu cha mvinyo kimepungua watu, ila domo halijapungua. Nafasi ya Melchiorre, fundi wa matandiko ya farasi, iko wazi. Askari walimbeba jana, eti ameonekana akipaka sumu ya tauni ukutani. Leo tumebaki watatu: mimi, Kengele mpiga kengele wa kanisa, na Gaspare kinyozi, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kumnyoa daktari. Gaspare alikuwa anashambulia sahani ya utumbo.

— Ile sumu naijua, akasema Daktari. Chura, nyoka na mate ya maiti.

— Umeionja? nikamuuliza.

— Wewe tania tu. Ukiigusa asubuhi, jioni uko kwenye mkokoteni wa maiti.

— Hamjui kitu nyie, akadakia Kengele. Anayeipika ni shetani mwenyewe. Amepanga nyumba nyuma ya kanisa kuu, ana gari la farasi sita.

— Na kodi analipa?

— Cheka. Matandiko ya farasi hao kashona nani kama si Melchiorre?

— Kengele, si juzi tu ulikula naye sahani moja?

— Ndiyo maana tumbo lilinisokota.

Mara akatokea Orsola, mke wa Melchiorre, macho yamemvimba kwa kulia.

— Shemeji zangu, kesho wanamhukumu. Akionekana ana hatia, watamvunja mifupa hadharani. Wanataka mtu mmoja tu aeleze alikuwa anafanya nini hapa ukutani.

— Pole sana, shemeji, akasema Daktari. Sasa sisi tutajuaje?

Orsola hakubishana. Alinyoosha kidole nyuma ya migongo yetu, ambapo ukuta umekuwa mweusi na kung'aa tangu enzi za baba zetu.

— Haya mafuta yote ni ya nani?

Kila anayekula utumbo kijiweni hapa hufuta vidole ukutani. Melchiorre alifuta kama sisi, ila yeye kuna mtu alikuwa anachungulia dirishani. Niliona aibu, nikainamia kikombe changu kitupu.

— Mvinyo umekwisha, akasema Kengele, akainuka.

Daktari akamaliza utumbo wake. Mkono ukaenda nyuma kama kawaida, ukasita, ukarudi. Akajifuta kwenye suruali, kidole kimoja kimoja, na Orsola akamwangalia mpaka akamaliza.