Blanketi la Mbinya Juu ya Sola

Mjukuu wangu Kavinya alinisimulia haya Jumamosi jioni, kabla hata hajavua viatu. Asubuhi hiyo, kwenye treni ya kwenda mjini, alikuwa ameketi mbele ya Mbinya, muuza maziwa wa Kayole, mwanamke ambaye sauti yake haijui kunong'ona. Mbinya alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti, fundi wa umeme aitwaye Willis.

"Huo mtambo wa sola juu ya paa la ploti yetu ya kupanga ni bure kabisa! Kila Jumamosi friji inazima, maziwa yanachacha, wateja wananihama. Saa hii naenda kumwambia mwenye ploti auteremshe. Na jua linawaka, zile sahani zake za sola zina joto la kukaanga yai!"

"Mama, joto si kitu. Mwanga ukigonga zile sahani ndio umeme unatembea. Zimeshikana kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akizubaa wote wanakwama. Kwani Jumamosi kuna nini huko juu?"

"Si tunafua."

"Mnaanika wapi?"

Mbinya akatazama nje kana kwamba kituo cha Makadara walichokuwa wakipita ni mji mgeni. Blanketi lake zito alikuwa amelitandaza juu ya sahani zile zile, maana hapo hukauka upesi. Akatoa simu, akampigia jirani yake wa nyumbani.

"Mama Ndolo, panda juu uniondolee blanketi. Ndiyo, hata kama halijakauka!"

Kisha akageuka, kifua mbele. "Lakini hayo ya joto bado sijakubali, baba."

Willis alikuwa anakoroma.