Ruhusa ya Rafu za Mukashema

Benchi letu la Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, limeegemea ukuta wa duka la Mukashema, na kahawa tunayobishania hutoka kwenye birika lake. Hapo hukaa Onesphore, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mbuzi, na Mutware, tuliyempa jina la Muhuri, asiyeamini hata mvua kama haina saini. Juzi asubuhi alitufikia Eugénie, binti wa kambini anayetengeneza filamu, kabeba kamera ya kuazima kwa mpiga picha wa harusi wa Ruharo, mjini Mbarara. Filamu yake ilibakiza sehemu moja tu, ya dukani, na kamera ilitakiwa irudi kesho yake.

— Kupiga filme mu duka inaomba otorizasio, ruhusa ya karatasi, binti, alisema Muhuri. Anzia kwa komanda wa kambi.

— Komanda atakutuma Mbarara, Wakili akadakia. Mbarara batakutuma Kampala. Kampala batauliza kama ulipita kwa komanda.

— Papa, kamera inarudi kesho! alilalama Eugénie.

— Mkono mtupu haulambwi, alisema Muhuri. Na kuuliza si ujinga. Uliza biro zote, ofisi kwa ofisi.

— Basi sema ni harusi! Wakili alishusha kikombe. Nani alishaomba ruhusa ya kupiga picha ya harusi? Hata polisi anasimama, anatengeneza kofia.

— Harusi bila bibi harusi? aliuliza Eugénie.

— Utavaa wewe nguo nyeupe. Bwana harusi, Muhuri huyu.

— Mimi niko na bibi!

— Ju ya filme tu.

— Hata ju ya filme. Nipe karatasi yenye kusema ni ya filme.

Kaudha, mchuuzi wa vitenge kutoka Biharwe, alikuwa amesimama pembeni akingoja kahawa.

— Sebo, mzee, samahani. Mwenye duka yeye alisema nini?

Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza.

Mukashema alichungulia dirishani.

— Nabasikia tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja nione ni biro gani itanifikia. Eugénie, mwaka jana bageni balipiga picha humu, hapana kuuliza. Kisha nikajiona ku karatasi yabo, chini banaandika: mama wa rafu tupu. Na mzigo wangu ulikuwa mu njia!

— Yangu haiko ya njaa, mama. Ni mama muuzaji anagombana na mchumba wa binti yake.

— Hiyo piga. Lakini rafu zionekane zimejaa.

Siku hiyo rafu zilikuwa na chumvi na viberiti tu. Gari la mzigo lingefika baada ya kamera kuondoka. Eugénie akaanza kufunga mfuko wake polepole.

Wakili aliinuka bila kuaga, tukadhani kanuna. Alirudi na gunia la mchele wa nyumbani kwake begani. Kaudha akafungua robota lake la vitenge. Muhuri alichelewa, akaja akihema, kakumbatia sabuni na sufuria mpya za mkewe.

— Bibi wa kwako alikubali? Wakili alimuuliza.

Muhuri alipanga sufuria juu ya rafu, kubwa mbele, akazifuta kwa mkono wa shati.

— Eugénie, piga filme mbio, kabla hajazitafuta.